Gilgamesh, Odyssey au Iliad: Uanze na Utenzi Upi?

Watu wanaponiuliza waanze na upi kati ya tenzi hizi tatu za kale, huwajibu bila kusita: Gilgamesh kwanza, Odyssey wa pili, Iliad wa mwisho. Wengi hufanya kinyume. Jina la Iliad wamelisikia tangu shuleni, basi wanaushika huo, wanafika kitabu cha 2 ambako Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, anahesabu majeshi ya Wagiriki kundi kwa kundi, meli zaidi ya 1,100, makamanda na baba zao na miji yao, na hapo wanaufunga. Nimewaazima watu nakala yangu, na zaidi ya mara moja kijikaratasi cha alama kimerudi kikiwa pale pale penye meli. Inaniuma, kwa sababu kilichoko mwisho wa Iliad sijaona mfano wake popote, na anayeishia kwenye meli hakioni.

Ziko njia nyingi za kulinganisha tenzi hizi. Mimi nitatumia kitu ambacho kila mmoja wetu anakijua kwa karibu, nacho ni msiba: nani amekufa, mwili uko wapi, nani anauzika, na aliyebaki anafanya nini. Katika tenzi zote tatu kuna maiti ambaye hajazikwa, na hadithi nzima inamzunguka huyo.

Sisi picha hiyo tunayo tayari. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, na mchomaji ni mwanawe wa kumzaa. Anaamka, anachukua uta wake, anakwenda kupiga goti karibu na kisima, anafia pale pale na mshale ukiwa utani. Watu wa mji wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, hakuna anayethubutu kuteka maji. Mama yake ndiye anayeendewa na wazee aje kumtuliza. Mji mzima una kiu mbele ya maiti aliyepiga goti, mpaka mwili unapoanguka wenyewe. Ukishaisoma sehemu ile ukaielewa, umeshaingia kwa Homer na kwa watu wa Uruk, mji wa Gilgamesh.

Urefu na umri

Gilgamesh, katika toleo lake linalojulikana zaidi, ulikuwa na mistari kama 3,000 juu ya vibao 12 vya udongo, na si yote iliyosalimika. Odyssey una mistari zaidi ya 12,100. Iliad unapita 15,600. Hizi mbili za Homer zimegawanywa kila moja katika vitabu 24, na "kitabu" hapa ni kama sura ndefu. Gilgamesh utaumaliza kwa siku mbili. Odyssey utakwenda nao wiki mbili za jioni. Iliad upe mwezi, usiukimbize.

Kwa umri, Gilgamesh hana mshindani. Wasumeri waliandika mashairi juu ya mfalme huyu wa Uruk, mji uliokuwa kusini mwa nchi ambayo leo ni Iraki. Kati ya mwaka 1800 na 1700 KK tayari palikuwa na utenzi wake kwa lugha ya Kiakadi. Toleo refu tunalolisoma leo linahusishwa na msomi aliyeitwa Sin-leqi-unninni, aliyeishi miaka mia kadhaa baadaye. Tenzi za Homer kwa kawaida huwekwa karne ya 8 au ya 7 KK. Homer, tunayemdhani ndiye mwanzo wa kila kitu, anakuja miaka elfu moja hivi baada ya watu wa Mesopotamia, nchi ya kale ya Iraki, kuanza kumlilia Enkidu, rafiki yake Gilgamesh.

Zinavyofungua mlango

Mtunzi wa tenzi wa pwani, baada ya Bismillahi, mara nyingi huagiza wino na karatasi. Mwanzo wa Gilgamesh una undugu na hilo: msomaji anaambiwa afungue sanduku la mbao za mwerezi, alegeze kifungo chake cha shaba nyeusi, atoe kibao cha jiwe la buluu la lazuli, asome yaliyompata Gilgamesh. Utenzi huu unajua kwamba umeandikwa, na unajivunia.

Homer hana wino. Anamwita mungu wa kike wa ushairi aimbe. Katika miaka ya 1930 Milman Parry na mwanafunzi wake Albert Lord waliwarekodi waimbaji wa Yugoslavia, watu walioweza kughani maelfu ya mistari bila karatasi, na kazi yao ndiyo iliyowafumbua wasomi macho kuhusu Homer: zile sifa zinazorudi rudi, Achilles mwenye miguu myepesi, alfajiri yenye vidole vya waridi, ndizo nguzo ambazo mghani hushikilia anapotunga papo kwa papo. Msomaji aliyezoea kitabu cha kimyakimya huona marudio hayo yanachosha. Aliyewahi kukaa akasikiliza utenzi ukighaniwa hayamsumbui. Ushauri wangu kwa Homer ni kusoma kwa sauti, hata kama ni kurasa mbili tu kwa siku.

Neno la kwanza la Iliad kwa Kigiriki ni "ghadhabu". Neno la kwanza la Odyssey ni "mtu". Hayo mawili peke yake yanaweza kukusaidia kuchagua.

Gilgamesh: maiti asiyeachiliwa

Gilgamesh ni mfalme mwenye nguvu kupita kiasi, theluthi mbili mungu na theluthi moja binadamu, na anawaonea raia wake. Miungu wanamwumbia mtu wa kumweza, Enkidu, anayekulia nyikani pamoja na wanyama. Wanapigana, kisha wanakuwa ndugu. Wanakwenda Msitu wa Mierezi, wanamuua mlinzi wake Humbaba, wanakata miti. (Kibao kimoja kilichopatikana na jumba la makumbusho la Sulaymaniyah huko Iraki, kikachapishwa mwaka 2014, kimeongeza mistari juu ya nyani na ndege wa msitu ule, na Enkidu mwenyewe anakiri kwamba wameugeuza msitu kuwa jangwa. Ni utenzi ambao bado unachimbuliwa ardhini.) Kisha miungu wanaamua mmoja wao afe, na anayekufa ni Enkidu, kitandani, kwa maradhi, akiona haya kwamba hakufa vitani.

Hapo ndipo utenzi unapoanza kweli. Gilgamesh anamfunika rafiki yake uso kama bibi harusi. Anamzunguka kama simba jike aliyepokonywa watoto. Siku sita na usiku saba hakubali azikwe, anangoja labda atainuka kwa kilio chake, mpaka buu linapodondoka kutoka puani mwa maiti. Kila ninapofika kwenye buu lile husimama kidogo. Mwandishi angeweza kusema "alihuzunika sana". Badala yake ametupa kitu kimoja kidogo cha kutisha ambacho kila aliyekaa na maiti anakiogopa, na sisi tunafanya haraka kuzika kwa sababu hiyo hiyo.

Baada ya hapo Gilgamesh anavaa ngozi ya simba, anazurura mpaka mwisho wa dunia akitafuta dawa ya kutokufa. Anafika kwa Siduri, mama mwenye kilabu cha pombe kando ya bahari. Katika toleo la zamani zaidi, Siduri anampa maneno ambayo bibi yeyote angeyasema: shibe tumbo lako, vaa nguo safi, oga, mtazame mtoto aliyekushika mkono, mfurahishe mkeo. Hasikii. Anavuka bahari ya mauti mpaka kwa Utnapishtim, mtu aliyeokoka gharika kwa kujenga chombo, aliyetuma njiwa, mbayuwayu na kunguru kutafuta nchi kavu. Utamtambua mara moja. Ndivyo alivyomtambua George Smith, fundi wa kuchora noti aliyejifundisha mwandiko wa kikabari, ule wa vibao vya udongo, alipousoma mkasa huo mwaka 1872 katika British Museum kwenye vibao vilivyotoka maktaba ya mfalme Ashurbanipal huko Ninawi, mji ule ule aliotumwa Yona.

Utnapishtim anampa mtihani mwepesi: kama unataka kuushinda mauti, shinda kwanza usingizi, siku sita na usiku saba. Gilgamesh anaketi na usingizi unamchukua hapo hapo. Mke wa Utnapishtim anaoka mkate kila siku na kuuweka kichwani pake, ili asije akakana. Anapoamshwa, wa kwanza umekauka, mwingine umeota ukungu, wa saba bado uko juu ya makaa. Hesabu ya siku ni ile ile aliyomlilia Enkidu. Kwa uchungu aliweza kukesha, kwa tamaa ya kuishi hakuweza. Sijui utenzi mwingine uliosema jambo zito hivyo kwa mikate.

Udhaifu wake uko wazi. Una mapengo: mstari unaanza, unakatika, nukta nukta, unarudi ukiwa mahali pengine. Kibao cha 12 kimebandikwa tu mwishoni, hakifungamani na hadithi. Lakini usikiruke, kwa sababu ndani yake roho ya Enkidu inaeleza hali za wafu: mwenye wana saba anakaa vizuri, na yule ambaye mwili wake umeachwa nyikani roho yake haipumziki.

Uchague huu kama una muda mchache, kama hujawahi kusoma utenzi mrefu, au kama umefiwa karibuni na hutaki mtu akwambie "jikaze".

Odyssey: msiba usiokalika

Huu ndio rahisi kuupenda, na kwa kijana wa sekondari huenda ndio wa kumpa kwanza kabla hata ya Gilgamesh. Una majitu, wachawi, dhoruba na hila. Odysseus, mfalme wa Kigiriki anayerudi kwao kutoka vita vya mji wa Troy, akiwa amenaswa pangoni na jitu la jicho moja, Polyphemus, anadanganya kwamba jina lake ni "Hakuna". Usiku jitu linapotobolewa jicho na kupiga mayowe, jirani zake wanauliza nje ya pango ni nani anayemuua. Anajibu: "Hakuna!" Wanamwambia basi aombe dua, wanarudi kulala. Aliyelelewa na hadithi za Sungura atajisikia nyumbani.

Mikasa hiyo yote maarufu, hata hivyo, imo katika vitabu vinne tu, cha 9 hadi cha 12, tena Odysseus mwenyewe ndiye anayeisimulia mezani kwa wenyeji wake. Vitabu vinne vya mwanzo Odysseus hayumo kabisa. Msomaji asiyeonywa hushangaa, akadhani amechukua kitabu kingine. Tunayemwona ni Telemachus, mwanawe, kijana wa miaka 20 hivi, nyumba yake imejaa waposaji 108 wanaomtaka mama yake na kumchinjia mifugo. Na shida yake hasa ameisema katika kitabu cha 1: angejua baba yake alifia Troy mikononi mwa wenzake, uchungu ungepungua, maana pangekuwa na kaburi. Sasa amechukuliwa na upepo, hakuna anayejua.

Watu wa pwani wanaijua nyumba ya namna hiyo, ambayo baba alitoka na chombo hakurudi, wala mwili haukuonekana. Mama akae eda au asikae? Mali irithiwe au ingojewe? Odyssey nzima imesimama juu ya swali hilo. Penelope, mke wa Odysseus, anaahirisha kuolewa kwa kufuma sanda, nayo ni sanda ya mkwewe Laertes aliye hai bado; mchana anafuma, usiku anafumua, kwa miaka mitatu. Mwanamke ambaye hana maiti wa kumvika sanda anaitumia sanda kununua muda.

Maiti asiyezikwa hapa ni Elpenor, baharia kijana, si shujaa wala nini. Alilewa, akalala juu ya paa la nyumba ya mchawi Circe, akaanguka akavunjika shingo, wenzake wakaondoka bila kumzika kwa haraka ya safari. Odysseus anapofika kuzimu, roho ya kwanza kumjia ni yake: rudi unizike, na kaburini usimike kasia langu nililopigia makasia na wenzangu. Odysseus atarudi baadaye amzike. Huko huko kuzimu anamwona mama yake Anticleia, ambaye alimwacha hai na sasa amekufa kwa kumtamani yeye. Mara tatu anataka kumkumbatia, mara tatu anampita mikononi kama kivuli.

Sitaficha lisilonipendeza. Mwishoni, baada ya Odysseus kuwaua waposaji, wajakazi 12 wa nyumba, waliolala na waposaji, wananyongwa kwa kamba moja, na utenzi unawafananisha na ndege walionaswa tanzini. Ni wasichana watumwa ambao hawakuwa na uwezo wa kukataa. Mwandishi wa mfano ule wa ndege aliwaonea huruma, nadhani, lakini hadithi inasonga mbele bila kuwauliza chochote. Mtoto ukimsomea, ruka mwisho wa kitabu cha 22, uishie kwenye kitanda cha mzeituni cha Odysseus na Penelope katika kitabu cha 23, na hayo mengine aje kuyasoma akiwa mkubwa.

Iliad: maiti aliyeburutwa

Kwanza uondoe matarajio mawili. Farasi wa mbao, ile hila ya Wagiriki ya kuingia Troy, hayumo. Anasimuliwa katika Odyssey. Kisigino cha Achilles hakimo pia. Ni hadithi ya baadaye, na Achilles mwenyewe hafi ndani ya Iliad. Anayetafuta mwenzake Liyongo, shujaa mwenye mahali pamoja pa kuuawa, hatampata kwa Homer. Vita vya Troy ni vya miaka kumi, na utenzi unachukua siku 50 hivi tu za mwaka wa mwisho.

Kisa chenyewe ni kifupi. Agamemnon, mkuu wa jeshi, anamnyang'anya Achilles, shujaa mkubwa kuliko wote wa Wagiriki, mateka wake Briseis. Achilles anasusa vita, Wagiriki wanakufa ovyo. Patroclus, rafiki yake wa damu, anaingia vitani na silaha za Achilles na Hector wa Troy anamuua. Achilles anarudi akiwa kama mwenda wazimu, anamuua Hector, anamtoboa miguu, anamfunga nyuma ya gari la farasi na kumburuta mbele ya macho ya wazazi wake walio juu ya ukuta. Roho ya Patroclus inamjia usiku ikimsihi amzike upesi. Anamzika kwa fahari. Bado hatosheki. Siku baada ya siku anamburuta Hector kuzunguka kaburi la rafiki yake.

Njiani mpaka hapo kuna kazi. Vitabu vya vita, hasa kuanzia cha 11 hadi cha 17, vina vifo vingi mno, mkuki ulipoingia na ulipotokea. Msomaji mpya avisome kwa kasi, lakini asikilize namna kila anayekufa anavyopewa mstari mmoja: huyu alikuwa mwana pekee, yule alimwacha mke aliyemlipia mahari nyingi hata hajamzoea. Homer hataki mtu afe bila jina. Kitabu cha 6 usikikimbilie hata kidogo. Hector anaagana na mkewe Andromache, anataka kumbeba mwanawe, mtoto analia kwa kuogopa kofia ya chuma yenye kishada cha singa za farasi. Wazazi wanacheka. Hector anaivua, anaiweka chini, anambeba.

Halafu kitabu cha 24. Priam, mfalme mzee wa Troy, anatoka usiku na gari la fidia, anapita katikati ya maadui, anaingia kibandani kwa Achilles, anapiga magoti, anaibusu mikono iliyowaua wanawe. Anamwambia: mkumbuke baba yako, ni mzee kama mimi. Achilles, ambaye anajua hatarudi kwa baba yake, anaanza kulia. Wanalia wote wawili, kila mmoja wafu wake. Kisha Achilles anaamuru maiti aoshwe na kuvishwa, lakini mbali, mzee asione. Anamlazimisha Priam ale. Na anauliza swali ambalo kila mwenyekiti wa kamati ya mazishi amewahi kuuliza: mnahitaji siku ngapi? Priam anahesabu: siku tisa za kumlilia nyumbani, ya kumi kuzika na kulisha watu, ya kumi na moja kujenga kaburi, na ya kumi na mbili tutapigana, kama ni lazima. Achilles anakubali. Vita vinasimama kwa ajili ya matanga. Andromache, Hecuba mama yake Hector na Helen shemeji yake wanaomboleza kwa zamu, na utenzi unaishia hapo, kwenye maziko ya adui.

Ndiyo maana nauweka wa mwisho. Gilgamesh anakufundisha kumtazama maiti wako, Odyssey unakukalisha na yule asiyejulikana alipo, na Iliad unakudai umlilie maiti wa aliyemuua ndugu yako. Hilo haliji kwa msomaji aliyeparamia.

Nakala za kununua

Mimi nimezisoma kwa Kiingereza, basi nitasema juu ya hizo. Gilgamesh wa Andrew George (1999) unaonyesha mapengo yalipo, haujazi kwa kubuni. Tafsiri nyingine zinateleza vizuri zaidi, lakini hujui wapi ni udongo na wapi ni mfasiri. Odyssey wa Emily Wilson (2017) una idadi ile ile ya mistari kama Kigiriki na lugha yake haimtoi jasho aliyemaliza sekondari. Kwa Iliad napendelea Robert Fagles (1990), kwa sababu ukiusoma kwa sauti unapumua vizuri. Asiye na fedha atapata tafsiri za Samuel Butler bure kwenye intaneti. Ni za nathari, za mwishoni mwa karne ya 19, na ajue tu kwamba ametumia majina ya Kirumi, hivyo Odysseus ni Ulysses na Zeus ni Jove.

Na kama huna wiki wala mwezi, una usiku mmoja tu, acha mpangilio wangu wote. Chukua kitabu cha 24 cha Iliad peke yake. Kina mistari 804. Kisome kwa sauti mbele ya mtu mwingine, na mnapofika pale Achilles anapouliza siku, msubirini Priam amalize kuhesabu.